Hayati Askofu Mkuu Janani Luwum na Mamlaka ya Kukamata

Askari anayepangiwa kazi Arua hakai muda mrefu kabla ya kulisikia jina la Ombaci. Ni misheni ya Kikatoliki iliyo karibu na mji, na watu wa West Nile wanapoitaja aghalabu hupunguza sauti, kwa sababu ya mambo yaliyotendeka hapo tarehe 24 Juni 1981. Tutayafikia mambo hayo kwa zamu yake. Kwanza yatupasa kusimulia habari za mtu ambaye hakuwa Mkatoliki wala mwenyeji wa West Nile, na ambaye alikwisha uawa miaka minne kabla ya siku hiyo. Kwani pasipo kuyajua maisha yake ni vigumu kuelewa Ombaci ilitokana na nini.

Janani Luwum alizaliwa Mucwini, upande wa Kitgum katika nchi ya Waacholi, yapata mwaka 1922. Alisoma Gulu, kisha akafunzwa ualimu Boroboro na kufundisha katika shule ya msingi. Mwezi Januari 1948 aliguswa na uamsho wa kidini uliokuwa umeenea Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata akaingia chuo cha dini cha Buwalasi. Alipewa daraja la ukasisi mwaka 1956, akapata masomo zaidi Uingereza mara mbili, na aliporudi alishika uongozi wa Buwalasi penyewe, kisha ukatibu wa Kanisa la Anglikana nchini. Hayo yote ni mwendo wa kawaida wa mtumishi wa dini mwenye bidii, na hatuna haja ya kuyarefusha.

Tarehe 25 Januari 1969 aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Northern Uganda. Katika ibada hiyo walihudhuria Rais Milton Obote na mkuu wa majeshi, Idi Amin, mwana wa Wakakwa wa Koboko. Miaka miwili baadaye, siku ile ile ya 25 Januari, mkuu huyo wa majeshi alimpindua rais wake. Hazikupita wiki nyingi wanajeshi wa Kiacholi na Kilangi wakaanza kuuawa makambini mwao, na wajane wao wakawa katika jimbo la Askofu Luwum.

Hapa inafaa tutue kidogo tutazame sheria, maana ndiyo kazi ya kila siku ya msomaji wetu. Bunge lilivunjwa, na nchi ikatawaliwa kwa amri za rais zenye nguvu ya sheria. Amri moja ya mwaka 1971 ilimpa mwanajeshi uwezo wa kumkamata raia bila hati. Nyingine ya mwaka 1972 iliifunga milango ya mahakama, hata ikawa haiwezekani kuishtaki serikali wala mtumishi wake kwa jambo lililosemekana kutendwa kwa ajili ya kulinda usalama. Ya tatu, ya mwaka huo huo, iliwaruhusu askari kutumia nguvu ya namna yoyote kumzuia mshukiwa wa unyang'anyi asitoroke. Mwaka 1973 raia nao walianza kupelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Wako waliozifurahia amri hizo, hasa wafanyabiashara waliochoshwa na majambazi waliojulikana kwa jina la kondo. Hatuwashangai. Mtu aliyevunjiwa nyumba usiku hapendi kusikia habari za hati na mahakama.

Lakini mkono uliofunguliwa namna hiyo haukubaki kwa majambazi. Mwezi Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alitolewa ndani ya jengo la Mahakama Kuu Kampala, mchana, wala hakurudi tena. Idara ya ujasusi iliyoitwa State Research Bureau, yenye makao yake Nakasero, ilichukua watu majumbani na maofisini, na jamaa zao hawakuwa na pa kuuliza. Polisi, ambao kwa kanuni zao walipaswa kumwandika kila mtu anayeingia mahabusi, hawakuwa na habari ya waliochukuliwa, na wengi wao waliogopa kuuliza.

Mwaka 1974 Luwum alichaguliwa kuwa Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Tangu hapo aliifanya kazi ya kuuliza kuwa yake. Mke wa mtu aliyepotea alipomjia, alikwenda yeye mwenyewe katika ofisi za usalama kutaka kujua mtu huyo yuko wapi na amekosa nini. Walikuwako waliomlaumu kwamba anaonekana mno katika shughuli za serikali na kuketi meza moja na wakubwa. Kwa maoni yetu lawama hiyo haikuwa na uzito. Asiyefika mlangoni kwa mtawala hawezi kumwombea mfungwa, na Luwum hakuwa mtu wa kupanga njama. Alitaka kusema na dola uso kwa uso.

Wala hakutaka kusema peke yake. Mwaka 1976 aliongoza mkutano wa viongozi wa Anglikana, Katoliki na Waislamu, wakaitazama hali ya usalama na mamlaka makubwa mno ya wenye silaha. Rais alikasirika, maana mashauri hayo yalifanywa bila idhini yake. Serikali iliyozoea kuzigawanya dini ilijikuta mbele ya viongozi wa dini waliokuwa na lalamiko moja.

Usiku wa tarehe 5 Februari 1977, yapata saa saba na nusu, watu wenye silaha waliingia nyumbani kwa Askofu Mkuu huko Namirembe. Walimwelekezea bunduki, wakapekua vyumba, wakaingia hata katika vyumba walimolala watoto, wakitafuta silaha. Hawakuona kitu. Maaskofu wenzake walipokutana hawakuridhika na kumpa pole tu. Waliandika barua kwa Rais, ya tarehe 10 Februari, wakapeleka nakala kwa wakuu wengine wa serikali na wa dini.

Barua hiyo yastahili kujulikana na kila askari. Maaskofu hawakudai kwamba nyumba ya askofu isipekuliwe kamwe. Walichosema ni kwamba ikiwa serikali ilikuwa na shaka, maofisa wa cheo wangeweza kuja mchana, wakajitambulisha, wakaeleza sababu ya kuja kwao. Kisha wakaligeuza lalamiko lao kuwa la taifa zima: ikiwa Askofu Mkuu aweza kushikiwa bunduki tumboni ndani ya nyumba yake, mwananchi asiye na jina hali yake ikoje? Bunduki, walieleza, ilinunuliwa imlinde raia na mali yake, na sasa ndiyo inayomtisha. Na idara ya usalama imepewa uwezo wa kukamata na kuua kama ipendavyo. Hawakudai kiti cha mtu, wala hawakuita jeshi la kigeni. Waliomba kuonana na Rais.

Majibu yalikuja upesi. Tarehe 14 Februari Luwum aliitwa Entebbe na kushutumiwa mbele ya Rais. Tarehe 16 Februari yeye na viongozi wengine wa dini waliitwa Nile Mansions, Kampala. Hapo palipangwa bunduki zilizodaiwa kuwa za wapinduzi, na maelfu ya askari walikusanywa. Yalisomwa maelezo ya kumshutumu Askofu Mkuu, na askari walipoulizwa afanywe nini, walipaza sauti kwamba auawe. Hapakuwa na hakimu, wala shahidi aliyehojiwa. Wenzake waliambiwa waende nyumbani. Yeye akaambiwa abaki. Askofu Festo Kivengere na wengine walimngoja nje mpaka walipofukuzwa. Jioni hiyo aliuawa.

Waliokufa pamoja naye walikuwa mawaziri wawili, na juu yao tunataka msomaji afikiri. Erinayo Oryema alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa polisi ya Uganda, tangu mwaka 1964, na alikuwa ameitumikia serikali ya Amin kama waziri tangu mwaka 1971. Charles Oboth-Ofumbi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, yaani polisi wote walikuwa chini yake. Mabwana hawa waliketi katika baraza la serikali iliyotawala kwa zile amri tulizozitaja. Siku ilipofika ya wao kuihitaji hati, shitaka na hakimu, hivyo vyote havikuwapo.

Asubuhi ilitangazwa kwamba watatu hao wamekufa katika ajali ya gari. Mwili wa Luwum ulipelekwa Mucwini chini ya ulinzi wa askari ili uzikwe haraka, lakini watu waliokesha nao walifungua jeneza wakaziona alama za risasi. Namirembe waumini walikusanyika kwa ibada ya mazishi bila kuwa na mwili wa kuzika.

Aliyechaguliwa kushika mahali pake mwaka huo alikuwa Silvanus Wani, askofu wa Madi na West Nile, Mkakwa, aliyepata kuwa kasisi wa jeshi. Kanisa lilionyesha hivyo kwamba halikuwa na ugomvi na kabila la mtu yeyote. Nchi kwa jumla haikuwa na subira hiyo. Amin alipoanguka mwezi Aprili 1979, wengi walihesabu kila mtu wa West Nile kuwa mshirika wake. Mwezi Oktoba 1980 waliokuwa askari wake waliishambulia Koboko na Arua. Jeshi jipya la taifa likajibu kwa kuwaadhibu raia, na watu wengi mno wakakimbilia Sudan na Zaire. Walioshindwa kukimbia walijificha katika misheni. Tarehe 24 Juni 1981 askari waliingia Ombaci wakawafyatulia risasi watu waliokuwa wamekimbilia humo, wazee, wanawake na watoto. Waliokufa walikuwa karibu 100. Miongoni mwa askari wa jeshi hilo walikuwamo Waacholi na Walangi, ndugu za wale waliouawa makambini mwaka 1971.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 221, inawaamuru wanajeshi, polisi, magereza na idara za usalama kuheshimu haki za binadamu wanapofanya kazi yao, na kifungu cha 23 kinataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Sheria ya mwaka 2019 imeongeza kwamba mtumishi wa serikali anayevunja haki hizo aweza kuwajibishwa yeye binafsi. Tangu mwaka 2015, tarehe 16 Februari ni siku ya mapumziko nchini Uganda, na wengi huenda Mucwini kwa miguu hadi kwenye kaburi la Askofu Mkuu. Huko Ombaci pana mnara wa kuwakumbuka waliouawa misheni.