An Wang: Mhandisi Mhamiaji katika Historia ya Kompyuta

An Wang alizaliwa Shanghai, Uchina, tarehe 7 Februari 1920. Alihitimu masomo ya uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Chiao Tung mwaka 1940, nchi yake ikiwa vitani na Japani. Mwaka 1945 alikwenda Marekani pamoja na wahandisi wenzake kutafuta ujuzi wa kuijenga upya nchi yao. Yeye hakurudi tena kuishi huko. Alitunukiwa shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1948, kisha akajiunga na maabara ya kompyuta ya Howard Aiken chuoni hapo.

Tatizo alilokabidhiwa lilihusu kumbukumbu ya mashine. Taarifa iliweza kuhifadhiwa kwa sumaku, lakini kitendo chenyewe cha kuisoma kiliifuta. Wang alibaini kwamba kufutika huko si kikwazo, mradi taarifa iandikwe upya mara tu baada ya kusomwa. Wazo hilo, pamoja na mpangilio wa vipete vya sumaku uliobuniwa na Jay Forrester, ndilo lililokuwa msingi wa kumbukumbu za kompyuta hadi miaka ya mwanzo ya 1970. Aliomba hataza mwaka 1949, akaipata mwaka 1955, na mwaka uliofuata akakubali kuiuzia kampuni ya IBM kwa dola 500,000.

Mwaka 1951 Wang alianzisha kampuni ya Wang Laboratories mjini Boston kwa akiba ya dola 600. Kikokotoo chake cha LOCI, kilichotoka mwaka 1965, kiliipatia kampuni hiyo soko kubwa. Hata hivyo, alipoona kwamba saketi ndogo zitashusha bei ya vikokotoo, aligeukia mashine za kuchakata maneno. Mtambo wake wa mwaka 1976 ulimwezesha karani kuyaona maandishi kwenye skrini na kuyasahihisha kabla ya kuyachapa. Hivyo, kosa la neno moja halikudai tena ukurasa mzima upigwe chapa upya. Katika kilele chake, kampuni iliajiri watu zaidi ya 30,000.

Hatimaye kompyuta binafsi, zilizofanya kazi nyingi kwa bei nafuu, zilichukua nafasi ya mitambo iliyotengenezwa kwa kazi moja. Safari hii kampuni ilichelewa kugeuka. Aidha, Wang alishikilia kwamba uongozi ubaki katika ukoo wake: mwaka 1986 alimteua mwanawe Fred kuwa rais wa kampuni, lakini hasara zilipozidi, Fred alijiuzulu mwaka 1989. Wang alifariki kwa saratani tarehe 24 Machi 1990, na mwezi Agosti 1992 kampuni iliomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai wake.

Anguko hilo halipunguzi uzito wa mchango wake. Linadhihirisha tu kwamba aliyeacha vikokotoo kwa wakati hakuweza kuiacha kwa wakati kampuni aliyoijenga mwenyewe.