Tshibumba Kanda Matulu: mchoraji aliyejiita mwanahistoria

Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa mwaka 1947 mjini Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Wazazi wake walikuwa Waluba wa Kasai, lakini mji wenyewe ulikuwa wa watu wa kila kabila. Kampuni ya Union Minière ilikuwa imewakusanya wafanyakazi kutoka kila upande ili wachimbe shaba, na watu hao walihitaji lugha moja ya kuelewana kazini na mitaani. Lugha hiyo ikawa Kiswahili. Huku kwetu Maniema Kiswahili kilikuja na misafara ya wafanyabiashara wa Nyangwe na Kasongo, kule Katanga kilienea katika kambi za migodi. Ndicho alichokulia Tshibumba, na ndicho alichokitumia baadaye kuisimulia nchi nzima.

Alipokuwa mtoto, Elisabethville ilikuwa tayari na sifa ya uchoraji. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake, ikatoa wachoraji kama Pilipili, Bela na Mwenze Kibwanga. Mwaka 1951 kikafuata chuo cha sanaa. Tshibumba hakupita katika milango hiyo. Alijifunza mwenyewe, kwa kutazama picha za wenzake na kuzichora upya hadi mkono ukazoea. Turubai yake mara nyingi ilikuwa kitambaa cha mfuko wa unga. Wateja wake hawakuwa wenye majumba ya maonyesho. Walikuwa wafanyakazi, makarani na wauza duka, waliotaka kitu cha kutundika ukutani sebuleni.

Tukitaka kumwelewa, lazima tuuelewe ukuta ule. Katika miaka ya 1960 na 1970 nyumba nyingi za miji ya shaba zilikuwa na picha, na picha zenyewe zilikuwa za aina zinazojulikana. Alikuwepo mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, anayetoa utajiri kwa masharti. Ilikuwepo picha ya gereza la wakati wa Wabelgiji. Alikuwepo Lumumba. Mgeni akiingia, macho yake yalikwenda ukutani, na mazungumzo yakaanza. Watu walikuwa na neno la Kiswahili kwa kazi hiyo ya picha: ukumbusho. Picha nzuri ilikuwa ile inayomfungua mtu mdomo. Mchoraji alirudia picha ileile mara nyingi, na hakuna aliyemwita mwizi, kwa kuwa kila familia ilitaka ya kwake.

Tshibumba alichora aina hizo zote, maana ndizo zilizomlisha. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye mambo ya zamani. Hakutaka kuchora tukio moja moja tu. Alitaka kuyaunga yote yawe hadithi moja ya nchi, tangu wazee wa kale hadi siku zake, na alijiona mwanahistoria anayetumia rangi badala ya kalamu. Kilichokosekana kilikuwa mnunuzi, kwa sababu mfanyakazi wa mgodini hununua picha moja au mbili, hawezi kununua historia nzima.

Mnunuzi huyo alimpata mwishoni mwa mwaka 1973 mjini Kolwezi. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Ujerumani, alikuwa akifundisha chuo kikuu cha Lubumbashi na kutafiti lugha ya wafanyakazi. Tshibumba alifika kwake kuuza picha. Walipozungumza, Fabian alifahamu kwamba mbele yake hakusimama mchuuzi tu, na wakakubaliana Tshibumba achore historia yote kama alivyoiona. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi alileta picha kwa mafungu, hadi zikazidi 100. Kila mara alizipanga, akaeleza moja baada ya nyingine mbele ya kinasa sauti, kisha wakajadiliana. Mazungumzo yote yalifanyika kwa Kiswahili cha Shaba, na maneno ya Kifaransa yakiingia kila yalipohitajika.

Ndani ya picha hizo mna wafalme wa kale, Wareno kwenye mlango wa mto Kongo, Stanley, na Msiri wa Bunkeya aliyeuawa mwaka 1891. Mna mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière wa Desemba 1941, uliozimwa kwa risasi mjini Elisabethville. Tshibumba alikuwa hajazaliwa wakati huo, alichora alichosikia kwa wakubwa. Mna ghasia za Januari 1959 mjini Léopoldville, uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, vita vya Katanga, waasi wa Simba na utawala wa Mobutu. Picha za mwisho zilitazama hata wakati ujao.

Wanafunzi wenzangu mnaochora, au mnaoandika hadithi na kuhangaika na wahusika wenu, tazameni jinsi alivyofanya kazi. Katika picha ya gereza la kikoloni kila mtu ana kazi yake moja, na kazi hiyo ndiyo inayotuambia yeye ni nani. Mfungwa amelala chini. Askari mweusi ameinua fimbo. Mzungu anasimama pembeni, hapigi, anatazama tu. Bendera ya Ubelgiji iko juu yao wote. Hakuna uso uliokunjwa kwa hasira kupita kiasi, wala damu nyingi. Mpangilio wenyewe unasema nani anaamuru, nani anatii na nani anaumia. Maneno machache ya Kifaransa aliyoyaandika juu ya picha yanataja mahali au mwaka, yaliyobaki anaachiwa mtazamaji ayasimulie.

Lumumba wake ni funzo lingine. Mtu huyu, aliyewahi kufanya kazi hapa kwetu Kalima katika kampuni ya madini kabla ya siasa kumjua, Tshibumba alimrudia mara nyingi kuliko mwingine yeyote. Miwani, ndevu fupi na nywele zilizogawanywa upande zinatosha kumtambulisha. Lakini katika kifo chake pamoja na Mpolo na Okito, mchoraji aliongeza misalaba mitatu kwa mbali. Kwa alama hiyo moja habari ya siasa inageuka kuwa habari ya sadaka, na kila aliyewahi kuingia kanisani anaelewa bila kufafanuliwa.

Wapo wanaosema kwamba Tshibumba alikosea tarehe na kuchanganya matukio. Ni kweli kwamba historia yake haifanani kila mahali na ile ya vitabu. Hata hivyo alijua kwamba vitabu hivyo viliandikwa na wengine, kwa lugha nyingine, na kwamba kukumbuka ni kufikiri. Wakati nchi ilikuwa na chama kimoja na msemaji mmoja, yeye alichora risasi, mateso na mauaji, akitegemea mtazamaji mwenye akili. Hilo lilihitaji ujasiri.

Maisha yake ya baadaye yalikuwa magumu. Mwishoni mwa 1973 serikali ilitaifisha biashara za wageni, wengi wakaondoka, na wanunuzi wakapungua. Bei ya shaba ikaanguka, mshahara wa mfanyakazi ukaisha kabla ya mwezi, na picha ya sebuleni ikawa anasa. Kisha vita vya Shaba vya 1977 na 1978 vikapita mlemle alimouzia kazi zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba alitoweka, na hadi leo hana kaburi linalojulikana. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kidogo tu.

Kazi yake ilisafiri mbali kuliko yeye. Fabian aliichapisha kwa Kiingereza mwaka 1996, picha zenyewe ziko katika jumba la makumbusho la Wereldmuseum (zamani Tropenmuseum) mjini Amsterdam, na mwaka 2017 zilionyeshwa Athens katika maonyesho ya documenta. Maelezo yake ya Kiswahili nayo yamenakiliwa neno kwa neno na kuhifadhiwa kwa watafiti. Hapo ndipo kitivo cha lugha kinapohusika. Tumezoea kukiona Kiswahili chetu, Kingwana cha Maniema au kile cha Katanga, kuwa lugha ya soko isiyofaa kubeba mawazo mazito, kwa vile hakilingani na sanifu ya Dar es Salaam. Tshibumba alikibebesha karne kadhaa za historia, na hakikuanguka.

Reli iliyounganisha miji yake na Kindu bado ipo, ingawa treni ni za kusubiriwa. Lualaba unaopita hapa chini unatoka upande wake. Wazee wetu nao wana mambo ya zamani ambayo hakuna aliyeyachora: ya stesheni, ya bandari, ya migodi ya Kalima, ya miaka ya vita. Mwenye penseli na akae nao, asikilize, achore, kisha awaonyeshe na kuuliza palipokosewa. Ukumbusho haumngoji mtu. Wanaoujua wanaondoka mmoja mmoja.