Joseph Haydn, Mtoto wa Fundi wa Magurudumu

Katika nchi ya Austria, karibu na mpaka wa Hungaria, kuna kijiji kiitwacho Rohrau. Hapo ndipo alipozaliwa Joseph Haydn katika mwaka wa 1732. Baba yake, Mathias, alikuwa fundi wa magurudumu ya magari ya farasi, na mama yake, Anna Maria, alikuwa mpishi katika nyumba ya bwana mkubwa wa nchi ile kabla ya kuolewa. Walizaa watoto kumi na wawili, na Joseph alikuwa wa pili. Wengi wa ndugu zake walikufa wangali wachanga.

Wazazi hao hawakuwa na mali, lakini walikuwa watu wa sala na wa kazi, nao walipenda sana kuimba. Baba hakujua kusoma noti hata moja. Ila alijifunza mwenyewe kupiga kinubi kwa kusikiliza tu. Jioni, kazi ikiisha na vyombo vikiwekwa mahali pake, alikitwaa kinubi chake akapiga, na mkewe na watoto wakaimba. Joseph mdogo hakuwa na chombo cha kupiga. Basi alitwaa kijiti, akakisugua juu ya mkono wake wa kushoto, kama alivyomwona mwalimu wa kijiji akipiga fidla.

Siku moja alikuja nyumbani kwao jamaa yao mmoja, jina lake Franck. Mtu huyo alikuwa mwalimu wa shule katika mji wa Hainburg, tena msimamizi wa waimbaji wa kanisa. Alimtazama mtoto yule na kijiti chake, akaona kwamba hakosi mapigo ya wimbo hata mara moja. Akawaomba wazazi wampe mtoto aende naye akamfundishe. Mama alisita, kwa sababu alitumaini kwamba mwanawe atakuwa padre. Mwisho walikubali, wakifikiri kwamba hata padre hapungukiwi kitu akijua kuimba. Joseph alikuwa hajatimiza miaka sita alipoiacha nyumba ya baba yake, wala hakurudi tena kukaa pale.

Huko Hainburg alianza kujifunza kusoma na kuandika, mafundisho ya dini, kuimba, kupiga kinanda na fidla na vyombo vingine vingi. Lakini maisha yalikuwa magumu. Mwalimu alikuwa mkali, na viboko vilikuwa vingi kuliko chakula. Mama hakuwapo wa kumfulia nguo wala kumshonea zilizochanika, na mtoto aliyezoezwa usafi tangu utotoni aliona haya kwa uchafu aliokuwa nao.

Ikawa siku za maandamano ya kanisa zilikuwa karibu, na mpiga ngoma wa mji akafa. Mwalimu akamwita Joseph, akamwonyesha namna ya kushika vijiti, kisha akamwacha ajizoeze peke yake. Ngoma ya kujizoezea haikuwapo. Mtoto akatafuta nyumbani, akaona kikapu cha unga kilichotumiwa wakati wa kuoka mikate. Akakifunika kwa kitambaa, akakiweka juu ya kiti kizuri, akaanza kupiga kwa bidii nyingi, hata asione kwamba unga unaruka na kukiharibu kiti kile. Mwalimu alipoingia alimkaripia. Lakini aliposikia jinsi mtoto alivyokwisha kuyashika mapigo, hasira yake ilipoa. Siku ya maandamano ilipofika, Joseph alikuwa mfupi mno kwa ngoma kubwa. Basi akatafutwa mtu mfupi wa kuichukua mgongoni, na mtoto akafuata nyuma akipiga. Watu wakacheka, lakini hapana aliyeweza kusema kwamba alikosea.

Baadaye alifika Hainburg bwana mmoja aitwaye Reutter, msimamizi wa muziki wa kanisa kuu la Mtakatifu Stefano katika mji mkuu wa Vienna. Alikuwa akizunguka nchi akitafuta watoto wenye sauti nzuri. Joseph akaletwa mbele yake, akaimba. Reutter alipendezwa, lakini akamwuliza kwa nini hakuitetemesha sauti yake mahali palipotakiwa. Mtoto akajibu kwa moyo mweupe kwamba hawezi jambo ambalo hata mwalimu wake haliwezi. Reutter akamfundisha palepale, na mara ya tatu mtoto akaweza. Yule bwana akafurahi sana, akamjaza mifuko matunda madogo mekundu yaitwayo cheri. Hata Haydn alipokuwa mzee, kila alipotetemesha sauti yake aliukumbuka utamu wa matunda yale.

Katika mwaka wa 1740, akiwa na umri wa miaka minane, Joseph aliingia katika nyumba ya watoto waimbaji wa Vienna. Kwa muda wa miaka kama tisa aliimba katika kanisa kuu. Alisikia muziki mwema kila siku, naye alijifunza kuimba, fidla na kinanda. Lakini kazi ya kutunga nyimbo hakufundishwa ila kidogo sana. Chakula kilikuwa haba. Watoto walipenda kualikwa kuimba katika nyumba za matajiri, kwa kuwa huko walipata kushiba. Wenzake walipocheza uwanjani, mara nyingi Joseph alikwenda kando na karatasi zake, akajaribu kuandika muziki wa sauti nyingi kwa wakati mmoja. Alikosea sana, lakini hakuacha.

Kisha sauti yake ikavunjika, kama zivunjikavyo sauti za wavulana wote wanapokua. Ikaonekana kwamba hafai tena kuimba sehemu ya juu. Katika siku hizo alifanya utundu: alipewa mkasi mpya, akaukata mkia wa nywele wa mwanafunzi mwenzake. Akapigwa viboko, kisha akafukuzwa. Ilikuwa mwaka wa 1749, wakati wa baridi kuanza. Kijana wa miaka kumi na saba akasimama njiani katika mji mkubwa bila fedha, bila kazi, na bila mahali pa kulala.

Hapo angaliweza kupotea, kama walivyopotea vijana wengi. Lakini mwimbaji mmoja aitwaye Spangler, aliyekuwa maskini mwenye mke na mtoto mchanga, alimwonea huruma akamkaribisha katika chumba chake kidogo. Mtu mwingine mwema, jina lake Buchholz, alimkopesha florini 150 wala hakutaka faida. Wazazi walimsihi tena awe padre, lakini Haydn alijua kazi aliyoitiwa. Akakodi chumba chini ya dari ya nyumba moja ndefu. Wakati wa mvua maji yaliingia, na wakati wa baridi hapakuwa na moto. Ndani yake mlikuwamo kinanda kibovu, kilicholiwa na wadudu. Naye alipoketi mbele yake alijiona kuwa hana haja ya kumwonea wivu mfalme yeyote.

Mchana alifundisha watoto kwa malipo kidogo, na kupiga fidla popote alipoitwa, usiku alisoma. Alipata kitabu cha Fux cha kufundisha kutunga muziki, akakisoma tangu mwanzo hata mwisho. Kila zoezi alilifanya, akaliweka kando, kisha akalirudia mpaka akaridhika nalo. Vilevile alimtumikia mwalimu mzee wa Kiitalia aitwaye Porpora. Alimsafishia viatu na nguo, akayavumilia matusi yake, kwa sababu kwake alipata elimu ambayo hangaliweza kuinunua. Hivyo yale aliyonyimwa shuleni aliyatafuta mwenyewe, haba na haba, mpaka kibaba kikajaa.

Mwaka wa 1761 jina lake lilikuwa limekwisha kujulikana, na familia kubwa ya Esterházy ikamwajiri kusimamia muziki wake. Akawatumikia kwa muda wa karibu miaka thelathini. Alivaa mavazi ya watumishi, na kila kipande cha muziki kilichotakiwa alikitunga kwa wakati wake. Wapigaji waliokuwa chini yake aliwatendea kama watoto wake, nao wakamwita Baba Haydn. Katika mwaka wa 1772 mkuu wao, Nikolaus, alikawia sana katika jumba lake la shamba, na wapigaji walikuwa wameziacha jamaa zao mbali. Walimwendea Haydn wakimlalamikia. Yeye hakwenda kugombana na bwana wake, bali alitunga simfoni mpya. Ilipokaribia mwisho, mpigaji mmoja alizima mshumaa wake, akachukua chombo chake, akatoka. Akafuata wa pili, na wa tatu, mpaka wakabaki wapigaji wawili tu wa fidla. Mkuu yule akafahamu maana yake, akatoa amri ya kurudi mjini.

Nikolaus alipokufa mwaka wa 1790, Haydn alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane. Mtu aitwaye Salomon akaja kumwalika Uingereza. Rafiki yake Mozart alimwonya kwamba safari ni ndefu, naye hajui lugha za wageni. Haydn akajibu kwamba lugha yake inafahamika ulimwenguni pote. Alifika Uingereza siku ya kwanza ya mwaka wa 1791. Huko London aliheshimiwa sana, na chuo kikuu cha Oxford kikampa cheo cha daktari wa muziki.

Lakini jambo lililomgusa moyo kuliko yote katika safari ile halikuwa heshima ya wakubwa. Katika mwaka wa 1792 aliingia katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, siku ya mkutano wa kila mwaka wa watoto wa shule za maskini. Watoto kama elfu nne walikuwa wameketi pamoja wamevaa mavazi ya shule zao. Mwalimu akatoa ishara, nao wakaimba kwa sauti moja wimbo mwepesi usio na mapambo yoyote. Haydn, aliyekuwa amesikia waimbaji hodari wa nchi nyingi, aliandika katika kitabu chake cha safari kwamba maishani mwake hakuna muziki uliomgusa moyo kama ule. Si ajabu, kwa maana yeye naye alikuwa mtoto maskini aliyefunzwa kuimba kanisani, naye alijua vema jinsi wimbo unavyoweza kumfungulia mtoto kama huyo mlango.

Aliporudi Vienna alianza kazi yake kubwa kuliko zote, iitwayo Uumbaji, inayosimulia kwa nyimbo habari za Mungu kuziumba mbingu na nchi. Kila siku, kabla ya kuandika, alipiga magoti akaomba nguvu. Kazi hiyo ilisikika mara ya kwanza mwaka wa 1798. Baadaye iliimbwa mara nyingi kwa ajili ya kuchanga fedha za kuwasaidia wajane na yatima wa watu wa muziki, na fedha nyingi zikapatikana. Ilikuwa desturi yake tangu zamani kuandika mwishoni mwa kazi zake maneno ya Kilatini ya kumsifu Mungu, wala hakuiacha desturi hiyo alipopata sifa za watu.

Mwaka wa 1808 Uumbaji uliimbwa mbele yake kwa mara ya mwisho. Alikuwa mzee dhaifu, akaletwa akichukuliwa juu ya kiti. Waimbaji walipofika mahali nuru inapoumbwa, watu wote walipiga makofi kwa nguvu. Mzee akainua mikono yake, akaonyesha juu, kana kwamba kuwaambia kwamba muziki ule haukutoka kwake.

Mwaka uliofuata majeshi ya Napoleon yaliupiga mji wa Vienna kwa mizinga. Watumishi wa Haydn walitetemeka kwa hofu, naye, ingawa mwenyewe alikuwa mgonjwa, aliwatuliza. Siku hizo kila siku aliketi mbele ya kinanda akapiga wimbo aliowatungia watu wa nchi yake mwaka wa 1797. Tuni ya wimbo huo siku hizi huimbwa na Wakristo wengi kwa maneno ya kumsifu Mungu, nayo ndiyo tuni ya wimbo wa taifa la Ujerumani. Joseph Haydn alifariki tarehe 31 Mei 1809, akiwa na umri wa miaka sabini na saba. Aliacha simfoni zaidi ya 100, na kazi nyingine nyingi za kanisa, za kinanda na za fidla.

Katika wasia wake aliwakumbuka waliomsaidia alipokuwa hana kitu. Aliwaachia fedha jamaa za Buchholz, aliyemkopesha bila faida, na jamaa za Franck, mwalimu mkali wa Hainburg. Viboko na njaa hakuvisahau. Lakini alijua kwamba mtu yule ndiye aliyemfundisha kusoma noti na kushika vijiti vya ngoma, na kwa ajili hiyo alimshukuru mpaka mwisho wa maisha yake.

Watoto wengi huona kwamba kujifunza muziki ni kazi ya wenye mali, au kwamba mtu asiye na chombo kizuri hawezi kuanza. Mtoto wa fundi wa magurudumu alianza na kijiti na kikapu cha unga. Palipokuwa na mtu wa kumfundisha, alikubali kufundishwa; na pasipokuwa na mtu, alijifundisha mwenyewe. Hivyo nyimbo zilizoanzia katika nyumba ndogo ya Rohrau, kando ya kinubi cha baba asiyejua noti, hazijaacha kuimbwa hata leo.