Kutangulia si Kufika: Joginder Singh na Vijana Wetu wa Kibarani

Wiki iliyopita nilikuwa natoka Changamwe baada ya Isha, nimepanda matatu ya kurudi kisiwani. Tulipokaribia Kibarani, pikipiki mbili zilitupita, moja kushoto na moja kulia, zote zimezima taa. Dereva wetu alikanyaga breki hadi abiria wakaangukiana. Mbele kidogo kulikuwa na magari mawili madogo yamesimama sambamba, injini zinanguruma, na vijana wamejipanga kando ya barabara wameinua simu wakipiga video.

Ndugu msomaji, haya si mageni kwako. Tangu barabara ile ipanuliwe na daraja jipya la Makupa lifunguliwe mwaka 2022, vijana wetu wameona pale ndipo pa kupimana. Mtaani kwetu kuna mmoja anayetembea kwa magongo kwa sababu ya mchezo huu. Jina lake silitaji, mamake asije akaumia zaidi. Alikuwa fundi wa pikipiki, na mkono wake ulikuwa mwepesi kwelikweli.

Ukiwauliza, watakwambia wanapenda mbio. Nami siwalaumu kwa kupenda mbio, kwani hata mimi nimelelewa na mpenzi wa mbio. Marehemu babangu alikuwa akinisimulia jinsi walivyokuwa wakitoka na chupa ya chai wakati wa Pasaka kuyasubiri magari ya Safari Rally, ile miaka ya sabini ambapo mashindano hayo yalikuwa yakishuka hadi Pwani. Gari la kutoka Nairobi haliingii kisiwani ila lipite Kibarani. Na dereva ambaye babangu hakuchoka kumtaja ni Kalasinga mmoja mwenye kilemba, Joginder Singh, aliyeitwa Simba wa Kenya. Leo nataka niwasimulie vijana habari zake.

Joginder Singh Bhachu alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932. Babake alikuwa mhamiaji kutoka Punjab, na alikuwa na gereji hapo Kericho. Joginder alikulia chini ya magari kabla hajakaa nyuma ya usukani. Alijifunza kufungua injini na kuifunga, kusikiliza mlio na kujua kilichoharibika. Baadaye akaenda Nairobi kufanya kazi ya ufundi, kisha akaajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kuzunguka barabarani akiwasaidia waliokwama. Hebu fikiria kazi hiyo. Kila siku anakutana na gari lililomshinda mwenyewe, na kila siku anajifunza ni nini humfanya mtu asifike.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth wa Pili. Magari yalikuwa yale yale ya dukani, na mwanzoni yaligawanywa madaraja kwa kufuata bei yake, ili mwenye gari la bei ndogo asilinganishwe na tajiri. Baadaye madaraja yakawa ya ukubwa wa injini. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, maelfu ya kilomita, vumbi likiisha linaanza tope.

Joginder aliingia mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakati huo madereva wenye majina walikuwa Wazungu, walowezi na wageni kutoka Ulaya. Yeye alikuwa fundi, mtoto wa fundi. Mwaka 1963 mvua iliharibu kila kitu. Magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza, na lake lilikuwa mojawapo. Mwaka 1968 mambo yakawa yale yale. Katika magari zaidi ya 90, yaliyofika mwisho ni 7, naye yumo tena.

Katikati ya miaka hiyo miwili alipata ushindi wake wa kwanza. Mwaka 1965 aliendesha Volvo PV544, gari ambalo tayari lilikuwa limetumika, akiwa na nduguye Jaswant kiti cha pembeni. Hapo kabla hakuna Mkenya wa asili ya Kihindi aliyewahi kushinda akiwa nyuma ya usukani. Kenya ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi michache tu tangu ipate uhuru, na hapo ametokea Mkenya mwenye kilemba amewashinda wakubwa wa Ulaya nyumbani kwake.

Mwaka 1973 dunia ilianzisha ubingwa rasmi wa mbio hizi, na Safari ikawekwa katika ratiba yake. Msimu wa 1974 ulianza kwa shida. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, mbio za Monte Carlo na za Sweden zikafutwa, na msimu ukafunguliwa Ureno. Mashindano ya pili yakawa haya ya kwetu. Joginder alikuja na Mitsubishi Colt Lancer yenye injini ya lita 1.6, na msaidizi wake alikuwa David Doig. Msweden Björn Waldegård alikuwa na Porsche ya lita 2.7. Kwa hesabu ya nguvu, hapo hapakuwa na mashindano. Lakini Safari ilipokwisha, Lancer ilikuwa ya kwanza na Porsche ya pili. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika ubingwa wa dunia. Mwaka 1976 alishinda tena na Lancer, na Mitsubishi ikachukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Ubingwa wa dunia kwake yeye mwenyewe hakuupata, kwa sababu miaka hiyo taji lilikuwa la viwanda vya magari. Taji la madereva lilianza 1979, na wa kwanza kulivaa ni huyo huyo Waldegård. Lakini kuna hesabu moja ambayo naona inazidi vikombe. Joginder aliingia Safari mara 22, na mara 19 alifika mwisho. Mara 19, katika mashindano ambayo wengi waliacha magari yao mtoni na porini. Babangu alikuwa akisema kwamba yule bwana aliendesha kama mtu ambaye kesho yake atalitengeneza gari lile kwa mkono wake mwenyewe. Alijua wapi pa kukanyaga, na alijua wapi pa kulihurumia.

Alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Dereva wa mbio aliyekufa mzee! Hilo nalo ni ushindi.

Najua kijana atanijibu kwamba Safari ya zamani nayo ilikimbizwa katika barabara za watu. Ni kweli, na watu walikufa. Ila siku zilijulikana, magari yalikaguliwa, vituo vilikuwa na wasimamizi, na hata hivyo dunia iliona haitoshi. Safari iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, ilikimbizwa katika njia zilizofungwa. Hata Marekani, kwenye mbio za mstari mnyoofu ambazo vijana wetu huziangalia kwenye simu, daraja la juu kabisa lina magari yanayopita kilomita 500 kwa saa. Huko kuna kuta, magari ya zimamoto na madaktari. Mwaka 2008 dereva wao mmoja alipokufa, wakafupisha njia kutoka futi 1,320 hadi futi 1,000. Mabingwa walikubali kupunguza. Sisi Kibarani, penye malori ya bandari na akina mama wanaovuka, tunazima taa.

Kwa serikali ya kaunti na wanaosimamia mchezo wa magari nchini, nina ombi moja. Kuwafukuza vijana kila wiki hakutoshi. Watafutiwe uwanja uliofungwa, hata mara moja kwa mwezi, wakaguliwe breki na helmeti, wapangwe madaraja kwa ukubwa wa injini, na wasimamiwe. Vipaji vipo. Yule kijana wa magongo alikuwa kipaji.

Na kwa vijana, wahenga walisema kutangulia si kufika. Joginder Singh hakuwa na gari lenye nguvu kuliko yote. Alikuwa na spana, subira, na heshima kwa chombo chake. Anayetaka kuitwa simba aanze gerejini, na akipita Kibarani usiku awashe taa, kwa sababu kuna mama anamsubiri upande wa pili wa daraja.