TOM KILBURN NA KURASA ZA TARAKILISHI

Ukiwauliza wataalamu wa kompyuta (au tarakilishi, kama walimu wetu wanavyotaka tuiite) juu ya Tom Kilburn, wengi watakutajia programu yake ya mwaka wa 1948. Mimi naona kazi yake kubwa zaidi ilikuja miaka 14 baadaye. Hebu tuanze mwanzo.

Kilburn alizaliwa tarehe 11 Agosti 1921 huko Dewsbury, mji wa viwanda vya sufu kaskazini mwa Uingereza. Alisomea hisabati Chuo Kikuu cha Cambridge, akahitimu mwaka wa 1942 vita vikiwa vimepamba moto. Akapelekwa Malvern, kwenye kituo cha utafiti wa rada, chini ya mhandisi Freddie Williams. Huyu Williams alikuwa akingojea fundi mwenye uzoefu. Akaletewa kijana wa hesabu aliyekuwa ndiyo kwanza amefunzwa mambo ya umeme! Lakini haukupita muda wakawa chanda na pete. Mwaka wa 1943 Kilburn alimwoa Irene Marsden, wakajaliwa watoto wawili.

Vita vilipokwisha, wawili hao walihamia Chuo Kikuu cha Manchester. Swali lililowakabili lilikuwa moja: mashine itahifadhi wapi hesabu zake? Walichukua mirija ya kioo kama ile ya televisheni za zamani, wakaweka vidoa vya umeme juu ya kioo, na kuviandika upya kila mara kabla havijafifia. Tarehe 21 Juni 1948 mashine yao iliyoitwa Baby, yenye nafasi ya maneno 32 tu, iliendesha programu ya Kilburn. Ilitafuta namba kubwa zaidi inayoigawanya 262,144 bila baki, mbali na namba hiyo yenyewe. Baada ya dakika 52 ikajibu 131,072. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo kwa tarakilishi ya kielektroniki kuendesha programu iliyohifadhiwa ndani ya kumbukumbu kama hiyo.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kumbukumbu ya kasi ilikuwa ghali, kwa hivyo ilikuwa ndogo. Kumbukumbu kubwa ilikuwa ngoma ya sumaku. Si isukuti, la! Ni pipa lililopakwa sumaku, linalozunguka mbio, lakini bado la polepole sana kwa mashine ile. Programu isipoenea kwenye kumbukumbu ya kasi, mwandishi wake ndiye aliyebeba mzigo: lete sehemu hii, rudisha ile, na akikosea kidogo tu anafuta kazi yake mwenyewe. Watu walikesha wakipanga uhamishaji badala ya kupiga hesabu.

Kilburn na wenzake waliondoa mzigo huo katika mashine ya Atlas, iliyozinduliwa tarehe 7 Desemba 1962. Kumbukumbu yake ya kasi ilikuwa na maneno 16,384, na ngoma zake 98,304. Yote yaligawanywa katika kurasa za maneno 512, na mwandishi wa programu akaachwa aamini kwamba kumbukumbu ni moja tu, kubwa. Kila programu ilipotaka neno, mashine iliangalia kama ukurasa wake upo karibu. Ikiwa haupo? Zamani hilo lingekuwa kosa la kuiharibu kazi. Kwenye Atlas, programu ilisimamishwa, na programu ya msimamizi, ambayo siku hizi tungeiita kiini cha mfumo, ikauleta ukurasa kutoka kwenye ngoma. Wakati huo programu nyingine iliweza kuendelea na kazi yake. Kisha ile ya kwanza ikaendelea kutoka pale pale, wala isijue kama ilisimama!

Kuna uamuzi mwingine uliohitaji akili: ukurasa upi utolewe ili kupata nafasi? Atlas iliweka alama kwenye kila ukurasa uliotumiwa, ikakumbuka ulikuwa ukikaa muda gani bila kuguswa. Uliokaa kuliko kawaida yake ulirudishwa kwenye ngoma. Kurasa za programu moja pia zilifungiwa zisiguswe na nyingine, maana mashine ilihudumia watu wengi.

Wazo hilo halikufa. Siku hizi programu mbili hushiriki ukurasa mmoja kwa amani mradi zinasoma tu. Mojawapo ikitaka kuandika, hitilafu hutokea, kiini cha mfumo huingilia kati, kikainakilia ukurasa wake. Hivyo ndivyo programu za simu za Android zinavyobana nafasi.

Mwaka wa 1964 Kilburn aliongoza idara mpya ya sayansi ya tarakilishi pale Manchester, ya kwanza nchini Uingereza, na akabaki chuoni hapo hadi alipostaafu mwaka wa 1981. Nje ya kazi alikuwa shabiki sugu wa Manchester United. Atlas ya Manchester ilizimwa mwaka wa 1971. Ile Baby iliundwa upya kwa ajili ya sherehe za mwaka wa 1998, na mzee mwenyewe akahudhuria. Aliaga dunia tarehe 17 Januari 2001 akiwa na umri wa miaka 79. Jengo la idara yake linaitwa Kilburn.