Honoré Daumier: Tashtiti Baada ya Marufuku

Honoré Daumier alizaliwa Marseille, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1808. Baba yake, fundi wa vioo vya madirisha aliyejiona mshairi, aliihamishia familia Paris, lakini ushairi haukuwalisha. Daumier alianza kazi angali kijana mdogo, kwanza kama tarishi wa ofisa wa mahakama, kisha katika duka la vitabu.

Alijifunza litografia, yaani ufundi wa kuchora juu ya jiwe kwa chaki yenye mafuta. Jiwe likilowanishwa maji, wino hushika penye mafuta tu. Nakala nyingi hupigwa chapa upesi. Ufundi huo uliwafaa wenye magazeti, na Charles Philipon alimwajiri katika La Caricature. Mwezi Desemba 1831 Daumier alimchora Mfalme Louis-Philippe kama jitu Gargantua, na vikapu vya fedha za maskini vikipandishwa hadi kinywani mwake. Mchoro huo ulimpatia kifungo cha miezi sita.

Mwaka 1835, baada ya jaribio la kumwua mfalme, sheria mpya iliweka michoro chini ya udhibiti. Katiba ilikuwa imekataza udhibiti wa magazeti. Serikali ilijitetea kwamba neno ni maoni, bali mchoro ni tendo, kwa kuwa husema na macho moja kwa moja. Hoja hiyo ilikuwa ya hila, ila inakiri nguvu ya picha kuliko sifa yoyote aliyopewa Daumier na wahakiki wa wakati wake.

Kwa kuwa mfalme hakuchoreka tena, Daumier aliwageukia raia wa kawaida katika gazeti la Le Charivari. Wako wanaoliona badiliko hilo kama kurudi nyuma. Maoni hayo hayaridhishi. Robert Macaire, tapeli aliyetoka jukwaani, anaonekana katika michoro ya 1836 hadi 1838 akiwa leo wakili, kesho tabibu, keshokutwa mwanzilishi wa kampuni ya hisa. Utawala ulioegemea wenye fedha ulisemwa bila kutajwa. Walifuata wenye nyumba na wapangaji wao, na mawakili wa majoho meusi wanaolia machozi ya kukodiwa. Maneno chini ya michoro mara nyingi hayakuwa yake. Ya Macaire yaliandikwa na Philipon. Daumier alitegemea mabega, matumbo na vidole, na mara nyingi maneno hayo yakifunikwa maana haipotei.

Si kila shabaha yake ilistahili. Mwaka 1844 aliwakejeli wanawake waandishi, na hapo alisimama upande ule ule wa mabwanyenye aliowacheka.

Mwaka 1860 Le Charivari lilimwachisha kazi, likamrudisha baada ya miaka michache. Alikwisha kuchora litografia zipatazo 4,000 macho yalipomshinda. Alifariki mwaka 1879 huko Valmondois, katika nyumba aliyoipata kwa msaada wa mchoraji mwenzake, Corot.