Rutland Boughton na Mchezo wa Bethlehemu

Kila mwaka Noeli ikaribiapo twaona katika sharika zetu watoto wakifundishwa kuwa wachungaji wa kondoo na mamajusi. Basi twataka kuwapasha wasomaji habari za Mwingereza mmoja, Rutland Boughton, aliyetunga mchezo wa Noeli wa kuimbwa, yaani opera, akawapa watu wa vijijini wauimbe.

Alizaliwa tarehe 23 Januari 1878 katika mji wa Aylesbury. Baba yake alikuwa mwenye duka la vyakula, wala hakuwa na mali ya kumsomesha sana. Hivyo kijana alipopata miaka 14 alipelekwa London kufanya kazi. Baadaye wafadhili walimsaidia, akasoma kwa muda katika chuo cha Royal College of Music. Tangu mwaka 1905 hata 1911 alifundisha Birmingham, na huko likamshika wazo ambalo hakuliacha tena. Katika opera za Ulaya mwimbaji mkuu ndiye aliyesifiwa, na kwaya ilisimama nyuma yake. Boughton aliona kwamba kwaya ndiyo moyo wa mchezo, na kwamba watu wa kawaida, wakifundishwa kwa uvumilivu, waweza kuubeba.

Akauchagua mji mdogo wa Glastonbury. Siku za kuimba zilianza huko tarehe 5 Agosti 1914, siku moja tu baada ya Uingereza kuingia vitani. Jukwaa lilikuwa dogo, na mahali pa wapigaji wengi wa vyombo palikuwa na piano moja tu. Jamaa ya Clark, watengenezaji wa viatu katika kijiji jirani cha Street, walimsaidia kwa fedha.

Ni huko Street, katika jumba la Crispin Hall, tarehe 28 Desemba 1915, mchezo wake wa Bethlehemu ulipoimbwa mara ya kwanza. Maneno yake aliyatoa katika mchezo wa kale wa mafundi wa Coventry, washonaji na wanyoaji wa vitambaa vya sufu, na katikati akatia nyimbo za Noeli walizozijua watu tangu utoto. Twaona hapo hekima yake: asiyejua kusoma noti aliukuta mlango u wazi. Kwaya nyingi za Uingereza zikaupenda, zikauimba.

Mwaka 1916 aliitwa jeshini, na kazi ikasimama hata 1919. Mwaka 1922 mchezo wake mwingine, The Immortal Hour, uliimbwa London mara 216 mfululizo. Walakini sifa hazikumtuliza. Mambo ya nyumba yake, ambayo hatuyasifu, maana alimwacha mke wake, yalikwisha kuwachukiza wengi wa Glastonbury.

Ndipo ukaja mwaka 1926. Wachimbaji wa makaa ya mawe waligoma kwa sababu ya mishahara, na Boughton alikuwa upande wao. Mwisho wa mwaka akauonyesha mchezo wa Bethlehemu Westminster, London, kwa mavazi ya siku zile: mtoto Yesu amezaliwa katika kibanda cha mchimbaji, na Herode ni tajiri mwenye kofia ndefu nyeusi. Watu wakakasirika mno. Waliomsaidia wakamwacha, na mwaka 1927 chama cha Glastonbury kikavunjwa.

Je, alikosa? Herode wa Injili naye alikuwa tajiri mwenye askari, na hori halikuwa jumba la kifalme. Katika hayo hatuwezi kumlaumu. Lakini kazi ile haikuwa yake peke yake. Fundi na mshona viatu waliokuwa wakitoka kazini jioni kwenda kujifunza sauti zao walipoteza kwaya yao pamoja naye, na hasara hiyo twaihesabu kuwa kubwa kuliko hasara ya sifa zake.

Boughton alihamia Kilcot, akalima shamba dogo na kuendelea kutunga. Alijaribu tena kukusanya waimbaji, Stroud mwaka 1934 na Bath mwaka 1935, lakini siku za Glastonbury hazikurudi. Alifariki London tarehe 25 Januari 1960, mwenye miaka 82.